Kutazama majengo ya Lisbon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kabla ya safari

1. Lisbon ina nini cha pekee kwa mtu anayependa majengo?

Ina tarehe moja inayougawa mji wote: 1 Novemba 1755. Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi liliuangusha mji, bahari ikapanda na kuikumba pwani, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mbele ya jengo lolote hapa, swali la kwanza ni hili: lilikuwa limesimama siku ile, au limekuja baadaye? Ukishalijibu, mengine yanafuata yenyewe. Namna ya kulijibu kwa macho tu iko kwenye swali la 9.

2. Siku ngapi zinatosha?

Tatu. Siku ya kwanza mitaa ya Baixa na Chiado, katikati ya mji, ya pili kilima cha Alfama na ngome, ya tatu Belém. Ukiwa na siku moja tu, achana na Belém. Ni mbali kidogo na katikati ya mji, na foleni ya Monasteri ya Jerónimos peke yake inaweza kukula nusu ya siku. Baki Baixa na Alfama, utaona mengi zaidi.

3. Niende mwezi gani, na siku gani ya wiki niiepuke?

Aprili hadi Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Agosti jua ni kali na watu ni wengi. Kuanzia Novemba mvua huanza, na mawe ya njiani huteleza (swali la 5).

Siku ya kuiangalia sana ni Jumatatu: Jerónimos na makumbusho mengi ya serikali hufungwa. Itumie kwa Baixa na Alfama, ambako jumba la maonyesho ni mtaa wenyewe. Magofu ya kanisa la Carmo nayo hufungwa Jumapili. Tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na mji mzima uko mtaani tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa sherehe hakuna siku bora, ila kwa kutazama majengo ni siku iliyopotea.

4. Lisboa Card inalipa?

Inalipa ikiwa siku hiyo hiyo utapanda usafiri mara kadhaa na kuingia sehemu mbili tatu za kiingilio. Ipo ya saa 24, 48 na 72, na saa huanza kuhesabiwa pale unapoitumia mara ya kwanza, si pale unapoinunua. Kwa hiyo usiigonge kwenye mashine jioni unapotoka uwanja wa ndege. Inahusisha pia treni za kwenda miji ya jirani ya Sintra na Cascais. Haikuondoi kwenye foleni ya ukaguzi wa usalama.

Kama utatembea kwa miguu na kuangalia kwa nje tu, nunua kadi ya kawaida ya usafiri iitwayo navegante uitie salio. Kila mtu na kadi yake: wawili hawapiti kwa kadi moja.

Na usihesabu viingilio vya bure unavyovisikia. Ile bure ya siku 52 kwa mwaka ni ya wakazi wa Ureno, wageni hawamo.

## Miguu, tramu na vilima

5. Nivae viatu gani?

Vya soli ya mpira yenye meno. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kuwa mawimbi, nyota na maua. Vimesuguliwa na miguu ya watu miaka mingi hadi vinang'aa. Vikilowa, hasa kwenye miteremko ya Alfama, ni kama sabuni. Kiatu cha soli ya ngozi kiache hotelini.

Inama mara moja kwenye uwanja wa Rossio, wenye mawimbi meusi na meupe, uone jinsi kila kijiwe kilivyogongwa kwa nyundo kikafuata mkunjo wa wimbi. Watu hupita juu yake wakitafuta sanamu za kupiga picha.

6. Tramu namba 28 ni lazima?

Hapana. Inapita pazuri kweli, kutoka Martim Moniz kupitia Graça, Alfama, Baixa na Estrela hadi Campo de Ourique. Lakini kuanzia saa nne asubuhi utakuwa umesimama, uso umeubana kwenye kwapa la mtu, na jengo huoni hata moja. Vibaka nao wanaipenda kuliko watalii. Mkoba uweke mbele, simu isikae mfuko wa nyuma.

Ukiitaka, panda kabla ya saa tatu asubuhi, au anzia upande wa Campo de Ourique. Vinginevyo fuata reli zake kwa miguu kutoka kanisa kuu la Sé hadi Portas do Sol. Ni mwendo mfupi, na unasimama pale unapopenda wewe.

7. Nafikaje Belém?

Treni kutoka Cais do Sodré ndiyo ya haraka, dakika chache tu. Hakikisha ni ile inayosimama Belém, maana za mwendokasi hupita moja kwa moja. Tramu 15E hutoka Praça da Figueira na kukushusha mbele ya monasteri, ila hujaa na hukwama kwenye msongamano.

8. Kuna njia ya kupanda vilima bila kulipa wala kutweta?

Zipo, na wenyeji huzitumia kila siku. Kwenda upande wa ngome, ingia kwenye lifti ya umma iliyo ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros. Itakutoa Rua da Madalena. Vuka, kuna lifti nyingine ya Chão do Loureiro inayokufikisha karibu na ngome. Kwenda Chiado, ingia stesheni ya metro ya Baixa-Chiado kwa mlango wa chini wa Rua do Crucifixo, panda ngazi za umeme hadi mlango wa juu. Huvuki geti la tiketi.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902 na urefu wa mita 45, ina foleni isiyo na sababu. Uzuri wake ni ule urembo wa chuma unaoonekana kutoka chini, na daraja lake la juu unaweza kulifikia kwa miguu ukitokea Largo do Carmo. Vigari vya kupandia miteremko navyo viulizie kwanza: baada ya ajali mbaya ya Elevador da Glória, 3 Septemba 2025, huduma zilisimamishwa.

## Kulisoma jengo

9. Nitajuaje kama jengo ni la kabla ya 1755?

Anza na ghorofa ya juu. Katika nyumba za kale za Alfama ghorofa hutokeza na kuning'inia juu ya kichochoro, uso ni mwembamba, madirisha hayafuati mstari. Nyumba za baada ya tetemeko zina uso ulionyooka kama ubao, na madirisha yamepangwa kwa safu.

Kisha tazama mapambo ya mawe. Kamba na mafundo yaliyochongwa ni ya zama za Mfalme Manuel I (swali la 10).

Kuna majengo mawili yanayodanganya. Kuta za Ngome ya São Jorge zinaonekana za enzi za kati, lakini sehemu kubwa ya unachokiona ilijengwa upya kati ya 1938 na 1940. Na stesheni ya Rossio, yenye milango miwili ya umbo la kwato za farasi, ni ya mwisho wa karne ya 19 na inaigiza tu mtindo wa Manuel. Imeigiza vizuri, lakini.

10. "Manuelino" ni mtindo gani?

Ni Gothiki (mtindo wa enzi za kati wa matao yaliyochongoka) ya mwisho ya Kireno, ya miaka ya Manuel I (1495 hadi 1521), iliyojaa bahari. Tafuta alama tatu: kamba nene ya merikebu iliyozungushwa kwenye nguzo au dirisha, msalaba wa Shirika la Kristo, na tufe la pete, yaani chombo cha kuonyeshea mizunguko ya nyota, ambacho Manuel alikifanya nembo yake. Ukiziona zote tatu kwenye ukuta mmoja, fundi alikuwa analipwa na mfalme.

11. Mbona majengo ya Baixa yote yanafanana?

Ndivyo yalivyokusudiwa. Baada ya tetemeko, waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, aliwaweka kazini wahandisi Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Mitaa ikachorwa kwa rula, urefu wa majengo ukawa mmoja, na mapambo yakapunguzwa hadi yakabaki machache. Mitaa ikapewa mafundi na wafanyabiashara: Rua do Ouro ya wafua dhahabu, Rua da Prata ya fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu.

Lakini uso si kitu. Kazi imefichwa ndani ya ukuta. Ghorofa ya chini ni matao ya mawe, yenye kuzuia unyevu na moto. Kuanzia ghorofa ya kwanza, ndani ya kuta kuna kizimba cha boriti: nguzo za wima, za kulala, na kati yake mbao zilizopishana kama herufi X. Nafasi zilizobaki zilijazwa kokoto na chokaa, kisha lipu juu. Wareno wanakiita *gaiola*, yaani tundu la ndege. Ardhi ikitikisika, mbao hujipinda na kurudi, na hata lipu na kokoto zikidondoka kizimba hubaki kimesimama. Kuta kati ya nyumba na nyumba zilipandishwa kupita paa ili moto usiruke, na ukiwa juu ya tao la Rua Augusta utaziona zikikata mapaa kama kingo za sanduku.

Chini kabisa kuna magogo ya msonobari yaliyopigiliwa kwenye udongo wenye maji. Mti uliozama majini haupati hewa, kwa hiyo hauozi. Maji yakishuka ndipo tatizo huanza. Jingine ni wamiliki wa baadaye waliokata X ili kupanua duka, au kuongeza ghorofa juu ya hesabu ya fundi wa kwanza.

Magogo hayo, pamoja na matangi ya Kirumi ya kuchachushia samaki, unaweza kuyaona chini ya benki moja iliyoko Rua dos Correeiros. Kiingilio ni bure, ila ni kwa kuongozwa na ni lazima ujiandikishe kabla.

12. Vigae vya ukutani ni vya Waarabu?

Jina ni la Kiarabu: *azulejo* latoka *az-zulayj*. Vigae vya mwanzo vililetwa kutoka Sevilla, vyenye nakshi za Kimoro, yaani za Waislamu wa Hispania, na matuta madogo yanayozuia rangi zisichanganyike. Vya buluu na nyeupe vilishamiri mwisho wa karne ya 17 na kuendelea, kwa kuiga kauri za China na Uholanzi. Na vile vinavyofunika nyumba nzima kwa nje, wageni wengi wakividhania vya kale sana, kwa kawaida ni vya viwandani, karne ya 19.

Kigae kilichochorwa kwa mkono kitazame pembeni. Mstari unapovuka kutoka kigae hadi kigae haukutani sawasawa, na buluu huwa nzito pale brashi iliposimama. Cha kiwandani hurudia kosa lile lile kila mahali. Vigae vinavyomomonyoka mara nyingi vimeuawa na maji: chumvi hupanda na unyevu ukutani, hukauka chini ya ule ung'aro na kuusukuma utoke. Fundi akivirudishia kwa saruji badala ya chokaa, unyevu hukosa pa kutokea na mambo huzidi.

Makumbusho ya Taifa ya Azulejo, katika konventi ya Madre de Deus, ina picha ya vigae yenye urefu wa mita 23 hivi, ikionyesha Lisbon mnamo 1700. Huo ni mji wa kabla ya tetemeko, kanisa kwa kanisa.

## Jengo kwa jengo

13. Jerónimos nianzie wapi?

Kosa la kawaida ni foleni. Kuna mbili: ya kanisa, ambalo ni bure, na ya ua wa ndani wenye matao, ambao una tiketi. Nunua tiketi ya ua mtandaoni, ya saa ya kufungua, na uwahi.

Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 chini ya Diogo de Boitaca, ukaendelezwa na João de Castilho, na ulilipiwa kwa kodi ya asilimia 5 ya bidhaa za Afrika na Asia. Ndani ya kanisa simama katikati utazame juu. Nguzo ni nyembamba mno kwa dari pana namna ile, na bado 1755 ilipita bila kuliangusha. Dari limesukwa mbavu za mawe zinazotawanya uzito kama makuti ya mnazi yanavyotoka kwenye shina.

Kaburi la Vasco da Gama liko kushoto unapoingia, la mshairi Camões kulia. Mawe yote ni lioz, chokaa ngumu ya maeneo ya Lisbon. Tafuta kwenye jiwe lililosuguliwa duara na michirizi ya waridi: ni makombe ya viumbe wa bahari waliokwisha kutoweka duniani.

Uso mkuu unatazama kusini, kwa hiyo una jua karibu siku nzima. Picha nzuri hutoka jioni, jiwe linapogeuka rangi ya asali.

14. Ni kweli kuna dhahabu ya Kilwa Lisbon?

Ni kweli, na imeandikwa juu ya chombo chenyewe. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kwa vitisho alipe kodi ya dhahabu. Ilifika Lisbon mwaka 1503. Manuel I akaifanya monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Ekaristi kanisani, kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente iliyokamilika mwaka 1506, na maandishi kwenye kitako yanasema imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Mfalme aliiacha kwa watawa wa Jerónimos. Wakati sonara anaimalizia, Kilwa yenyewe ilikuwa imekwisha kuporwa na Francisco de Almeida, mwaka 1505.

Haiko Belém, ingawa jina lake ni Custódia de Belém. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Rua das Janelas Verdes. Isogelee: mitume 12 wamepiga magoti kwa enameli za rangi, na chini yao kuna matufe ya pete yale yale ya swali la 10. Ni jengo dogo la Gothiki, lenye minara na matao yake, kwa dhahabu. Kabla ya kwenda, angalia tovuti ya makumbusho, maana majengo ya serikali Lisbon yamekuwa yakifungwa kwa zamu kwa ukarabati.

15. Mnara wa Belém umefunguliwa?

Ulifungwa Aprili 2025 kwa matengenezo, kwa hiyo thibitisha. Hata ukiwa umefungwa nenda, maana nje ndiko kwenye kazi ya Francisco de Arruda. Ndani ni vyumba vya ngome, vidogo na baridi. Tafuta kifaru aliyechongwa chini ya kibanda kimoja cha mlinzi. Pua imeliwa na upepo wa bahari, lakini ni kifaru.

16. Mbona kanisa la Carmo halina paa?

Liliporomoka 1755. Walianza kulijenga upya, na baadhi ya matao unayoyaona ni ya jaribio hilo. Mwaka 1834 mashirika ya kitawa yalipofutwa, kazi ikaachwa. Sasa ni makumbusho, na nyasi ndiyo sakafu.

17. Kanisa gani watu hulipita bila kujua?

Mawili. São Domingos, karibu na Rossio, liliungua mwaka 1959. Waliporudisha paa waliacha nguzo zilivyo, zimepasuka na kuvimba kwa moto. Hakuna lipu ya kuficha. Mlangoni, kwenye uwanja, ndipo Waafrika wa Lisbon hukutana na kuuziana karanga na habari.

La pili ni São Roque. Nje ni ukuta tu. Ndani kuna kikanisa cha Yohane Mbatizaji kilichojengwa Roma katika miaka ya 1740 na Luigi Vanvitelli na Nicola Salvi, kikabarikiwa na Papa, kikabomolewa vipande, kikapakiwa merikebuni na kuungwa tena hapa. Ile "picha ya rangi" juu ya altare ni vijiwe vya mozaiki. Sogea uhakikishe.

18. "Kazi ya Santa Engrácia" maana yake nini?

Kazi isiyokwisha. Kanisa hilo lilianza 1682, kuba likamalizika 1966.

## Mambo ya pembeni

19. Vichochoro vya Alfama vinafanana na vya kwetu pwani. Kuna uhusiano?

Wa lugha upo. Alfama latokana na *al-hamma*, chemchemi ya moto au mahali pa kuogea, jamaa wa karibu wa hamamu yetu na Hamamni ya Unguja. Lisbon ilikuwa ya Waislamu hadi 1147, na kanisa kuu la Sé limekaa palipokuwa na msikiti. Vichochoro vyembamba vinazuia jua, kama Lamu. Neno jingine utakaloliona kila kona ni *igreja*, kanisa. Ndilo lililotupa neno gereza.

20. Kuna pa kuswali, na chakula cha halali?

Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa tangu 1985. Chakula cha halali kitafute Martim Moniz na Rua do Benformoso.

21. Naweza kupiga picha kanisani?

Mara nyingi ndiyo, bila mwanga wa kamera wala stendi ya miguu mitatu. Misa ikianza, keti au toka. Vua kofia, funika mabega.

22. Nina kiti cha magurudumu. Niende wapi?

Baixa na Belém ni tambarare, anzia huko. Vijiwe vinatikisa, kwa hiyo fuata sehemu zenye mawe mapana. Tramu za kale zina ngazi nyembamba na hazifai, ila tramu mpya za 15E zinaingilika. Alfama panda kwa lifti za swali la 8 na usishuke kwa vichochoro.

23. Nimeona kigae cha kale kikiuzwa mnadani. Ninunue?

Usinunue kilichobanduliwa. Mnada wa Feira da Ladra, Jumanne na Jumamosi, una vigae vingi, na wizi wa vigae kwenye kuta za watu ni tatizo kubwa kiasi kwamba polisi wana mradi wa kupambana nao tangu 2007. Kigeuze: kikiwa na chokaa kavu mgongoni, kimetoka ukutani mwa mtu. Nunua kipya kwenye karakana inayochora kwa mkono. Kipimo cha kawaida ni sentimita 14 kwa 14, na kikifungwa kwenye nguo mbili katikati ya sanduku kinafika salama.